Karafuu hazina jina la mtu

Mdogo wangu kafungwa na Mahakama ya Mkoa kwa kupokea karafuu za wizi. Alinunua usiku kwa mtu asiyemjua. Rufaa tupeleke wapi? (Wete)

Mahakama Kuu, na kwa Pemba inakaa Chake Chake. Si kwa sheha, wala si kwa mwakilishi wenu. Akiwa Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa chuo.

Sasa msinikasirikie. Karafuu usiku, bei ya kutupa, muuzaji hana jina, na kila mtoto wa Pemba anajua karafuu zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali! Mahakama haihitaji akiri kwamba alijua ni za wizi. Inatosha kuwa alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Hapo pagumu.

Lakini someni mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, mstari kwa mstari. Mlalamikaji alizitambuaje karafuu zake? Pishi ya karafuu haina chapa. Kama alisema tu "hizi zangu" na hakuonesha gunia wala alama yoyote, sababu yenu ya rufaa ndiyo hiyo. Iandikeni ya kwanza, acheni kurasa tatu za "mtoto wetu ana adabu". Na msidhani kesi inasikilizwa upya: jaji anasoma kilichoandikwa. Shahidi mliyemwacha nyumbani siku ile, leo kumwingiza ni kwa ruhusa ya mahakama, na haitolewi ovyo.

Nilikiri kosa. Naweza kukata rufaa?

Juu ya ukubwa wa adhabu, ndiyo. Juu ya kutiwa hatiani, kwa kawaida hapana, ila kama kukiri kwenyewe hakukuwa wazi au maelezo uliyosomewa hayaoneshi kosa lolote kisheria.

Tukikata rufaa, atatoka kwa dhamana?

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Akishatiwa hatiani dhamana si haki yake tena. Aoneshe rufaa ina nguvu kwelikweli. Wala wapiga domo wa barazani hawakwambiini kwamba Mahakama Kuu inaweza pia kuongeza kifungo.

Kwa Kadhi haiwezekani?

Kadhi ni ndoa, talaka na mirathi.

Mwanangu kakamatwa na simu aliyonunua Darajani bila risiti. Tunyamaze mpaka mahakamani? (Mwanakwerekwe)

Anyamaze kwa faida ya nani? Akikutwa na mali iliyoibwa juzijuzi bila maelezo, mahakama inaweza kuhesabu kwamba ndiye mwizi mwenyewe. Ataje leo alinunua kwa nani, saa ngapi, kwa kiasi gani, na nani aliona. Na huyo aliyeona mtafuteni kabla hajapanda boti kwenda Dar.