Modeli za magari za zamani zilizotolewa upya: ulizia historia ya kalibu, achana na picha ya boksi

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili: ununue modeli ya gari (kigari cha plastiki cha kuunda mwenyewe kwa vipande) ya miaka ya 1960 iliyotolewa upya au usake ya asili ambayo boksi lake halijafunguliwa, na kwa nini watu wanalalamika kwamba hizi za kutolewa upya vipande vyake havikai. Nimezikusanya na kuziunda kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu. Mwenye haraka achukue hili: kama lengo ni kuunda, nunua iliyotolewa upya, ila kabla hujalipa ujue kalibu yake, yaani umbo la chuma ambamo vipande vyake humiminwa, imepitia nini.

Wengi wanadhani kampuni ikitangaza kuirudisha modeli ya zamani basi imeketi ikaichora upya. Mara nyingi sivyo. Ni kalibu ileile ya chuma ya enzi hizo: imetolewa ghalani, imesafishwa, imefungwa kwenye mashine, plastiki aina ya polistireni iliyoyeyushwa ikasukumwa ndani kwa shinikizo kubwa. Makosa ya mchongaji wa wakati ule yamo, na uchakavu wa miaka yote iliyofuata umo pia. Chuma kikishalika pale nusu mbili za kalibu zinapokutana, plastiki inapenya na kuacha vile vindevu vyembamba pembeni mwa kipande. Malalamiko mengi unayosoma ni ya vindevu hivyo tu, na kisu chenye makali kinavimaliza kwa dakika chache.

Shida yenyewe iko kwingine. AMT, kampuni ya modeli ya Troy, Michigan, Marekani, ilijijengea jina kwa magari madogo ya plastiki yaliyokuwa yanapelekwa kwa wauzaji wa magari, mteja aone umbo na rangi za gari jipya. Mwaka 1958 ikaanza kuuza magari hayohayo yakiwa vipande, skeli 1:25 (gari la kweli limepunguzwa mara 25), na seti moja ungeweza kuiunda kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, la kupambwa, au la mashindano. Sasa kumbuka kwamba Detroit, kitovu cha viwanda vya magari Marekani, ya miaka hiyo ilikuwa inabadili sura ya magari yake karibu kila mwaka, na kuchonga kalibu ni gharama kubwa. Kwa hiyo mwaka ulipogeuka, mara nyingi waliichukua ileile ya mwaka uliopita, wakabadili shoo ya mbele, taa za nyuma, bampa, wakati mwingine ubavu mzima. Gari la mwaka mpya likaingia dukani, la mwaka jana likawa limefutika kwenye chuma. Ikaja miaka ya 1970, baadhi ya kalibu hizo zikageuzwa kuwa za magari ya mbio: madigadi yakapanuliwa, viti vya abiria vikaondoka, mabomba ya kumkinga dereva yakaingia. Chuma kikishachongwa hivyo, kukirudisha kilivyokuwa ni kazi ya kuanza upya.

Ndiyo maana ukiuliza mbona gari fulani halirudi wakati kila mtu analililia, jibu mara nyingi ni kwamba hakuna cha kulitolea. Na ndiyo maana zile za mfululizo wa Trophy wa AMT, mathalani Ford ya 1932, Ford ya 1940 na Chevrolet ya 1957, zimerudi sokoni mara kwa mara. Zilichongwa zikiwa tayari ni magari ya zamani, hakuna aliyekuwa na haja ya kuzibadili sura kila mwaka.

Siku hizi AMT na majina mengine ya modeli, MPC na Lindberg, yako chini ya kampuni ya Round 2 ya South Bend, Indiana, nayo imekuwa ikichonga kalibu mpya za baadhi ya magari yaliyopotea. Ukikutana na hizo usisite, chuma bado kichanga. Kampuni nyingine mbili za modeli, Revell na Monogram, nazo ziliunganishwa mwaka 1986, kwa hiyo usishangae kukuta modeli iliyozaliwa Monogram ndani ya boksi la Revell. Skeli itakupa fununu, maana Monogram nyingi ni 1:24. Gari la mita 5 linakuwa sentimita 20 kwa 1:25 na karibu 21 kwa 1:24. Kwenye karatasi si kitu, lakini yapange rafu moja uone. Mimi nimeyatenga.

Boksi lisikudanganye. Mchoro wa zamani unachapishwa upya kwa makusudi, na mwaka ulioandikwa ubavuni aghalabu ni wa hakimiliki au wa uchapaji, hauhusiani na kalibu. Tafuta picha za vipande vyenyewe, uanze na chesesi. Kama ekzosi na springi zimechongwa zikiwa zimeshikana na sakafu, hiyo asili yake ni yale magari madogo ya wauzaji, yaliyorahisishwa. Kisha tazama injini. Ukiona tundu limepita bloku upande hadi upande, si kasoro: ekseli ya mbele ni waya wa chuma unaopita katikati ya injini ili magurudumu yazunguke. Gari gani la kweli liko hivyo? Lakini mtoto wa wakati ule alitaka kulisukuma sakafuni, na hapo lilifanya kazi vizuri. Mimi huziba tundu kwa puti na kuugawa waya, kila gurudumu na kipande chake. Wapo wanaoliacha kama lilivyo, nao wana hoja.

Kwenye kuunda nitasema yale tu ambayo modeli za zamani zinayadai zaidi ya mpya. Osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta yanayopakwa ili plastiki isigande kwenye kalibu hubaki juu na rangi haishiki. Mistari ya kalibu kwenye bodi hupita juu ya madigadi na kwenye nguzo za paa. Usiposugua kwa msasa mwembamba wa maji, rangi ya kung'aa itaionyesha yote.

Hapo kwenye kusugua ndipo watu wanafuta maandishi. Jina la gari ubavuni limeinuka kiasi cha unywele, na kwenye kalibu iliyochoka limeinuka pungufu ya hapo. Fanya hivi: kabla ya rangi, bandika juu ya jina kipande cha karatasi ya alumini ya kujibandika, ile nyembamba ya wanamodeli, ukiikandamiza kwa kijiti cha mbao mpaka kila herufi ijitokeze. Kata pembeni kwa kisu kipya, karibu kabisa na herufi. Puliza praima na rangi kama kawaida, kwa tabaka nyembamba. Rangi ikikauka, lowesha ncha ya kijiti cha meno kwa thina kidogo sana, upitishe juu ya herufi tu, kwa kugusa, bila kusugua. Rangi inaondoka kwenye migongo ya herufi na alumini inatokeza inang'aa. Ukimaliza ndipo upulize vanishi. Hakuna brashi itakayokupa hayo.

Ukipata bodi ya plastiki nyekundu na unataka gari jeupe au la njano, jihadhari. Rangi ya plastiki hupanda kupitia rangi uliyopuliza, na baada ya muda gari linakuwa la waridi. Weka kwanza tabaka la kuzuia. Rangi ya fedha hufanya kazi hiyo vizuri. Na rangi kali za magari ya kweli zisiguse plastiki tupu, zitaibabua.

Kromu: gundi ya plastiki haiungi juu yake. Kwangua pale panapogusana, la sivyo bampa litadondoka lenyewe siku moja. Ukiichukia yote, itumbukize kwenye blichi, itavuka.

Sasa kuhusu zile za asili ambazo hazijafunguliwa. Zinapendeza, sibishi, na kama kalibu yake haipo tena, wala haijachongwa mpya, una kitu ambacho bei yake haina sababu ya kuporomoka. Ila ukizifungua ili uunde utakuta stika za maji zimekuwa njano na zinapasuka ukizilowesha, na tairi laini za vinaili zimekula plastiki zilipolalia. Kilainishi cha vinaili huhamia kwenye polistireni na kuiyeyusha taratibu. Nimeona kioo cha mbele chenye alama kamili ya meno ya tairi. Hata hizi mpya, ukizihifadhi, tia tairi kwenye mfuko wake peke yake.

Njia ninayoipenda kuliko zote mbili haitajwi sana. Tafuta modeli ya asili iliyoundwa vibaya zamani, yenye gundi kila mahali, bampa moja halipo. Hizo huuzwa kwa bei ya kutupa. Kisha nunua toleo jipya lililotoka kwenye kalibu yake, hata kama sasa ni gari la mbio: chesesi, vioo, injini na magurudumu mengi bado yanaingia. Bodi ya zamani iloweshe kwenye dawa ya kuondoa rangi isiyodhuru plastiki, ukijaribu kwanza upande wa ndani, kisha viunganishe vyote viwili. Shoo na bampa ndizo zitakazokusumbua, kwa sababu ndizo zilizokuwa zinabadilishwa kila mwaka, kwa hiyo usinunue mzee wa aina hiyo kama hana shoo yake.