Kwa mwanangu, kuhusu ule mchango

Mwanangu,

Unauliza kama mchango uliotoa wa matibabu ya mwenzako kazini ni wema, ilhali ulitoa tu ili jina lako lisikosekane kwenye orodha ya WhatsApp. Tena umeniletea na Hobbes, yule mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17 aliyempa mzee ombaomba sadaka kisha akasema imempunguzia hata yeye maumivu. Basi, unasema, wema wote ni ubinafsi. Hapo umenipoteza. Moyo unaouma kwa sababu mzee wa barabarani anaumwa, huo ni ubinafsi wa namna gani? Mbinafsi angepita zake, hana habari.

Mimi namkumbuka makanga wa matatu namba 58. Yule wa hadithi za baba yako, wa kumeza chenji na kushusha wazee gari halijasimama. Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani pale barabara ya Haile Selassie na jengo la jirani la Ufundi likaporomoka, ni yeye aliyeteremsha abiria wake wote, akampakia baba yako na majeruhi wengine hadi hospitali ya Kenyatta. Nauli hakuitaja. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi siku hiyo. Baba yako alirudi, na jicho lake ndilo hilo unalolijua.

Wiki iliyofuata kijana yule wa matatu akabisha hodi: anataka shilingi 300 za kuosha viti. Damu ya baba yako, mwanangu! Nililipa, na mpaka leo inanikera. Lakini shemeji yetu, simtaji, alilia sebuleni mpaka majirani wakaja kumbembeleza yeye, na hospitali hakukanyaga.

Nimesema siku zote: aliye chini haulizi nia ya mkono unaomwinua. Ila nia nayo ina kazi yake, maana anayetoa kwa sababu ya orodha, siku isipokuwepo orodha itakuwaje? Makanga hakuwa na orodha. Au aliona haya mbele ya abiria? Pengine hakuwaza lolote.

Alikuwa mtu mwema? Baba yako anasema ndiyo, hataki hata mjadala. Mimi ukinibana nitasema... la, sisemi. Wewe mchango endelea kutoa, mgonjwa ana bili. Ila viti vile vya matatu nilivikalia miaka, na havikuwahi kuoshwa, si kabla wala baada.

Mama