Kuhariri chaneli za Mirth Connect kwa amri za SQL

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubadilisha anwani ya seva ya maabara katika chaneli (njia za kupitishia taarifa) nyingi za Mirth Connect, programu inayounganisha mifumo ya hospitali, kwa amri moja ya UPDATE ya SQL, yaani lugha ya hifadhidata, badala ya kufungua chaneli moja moja. Inawezekana, kwa kuwa kila chaneli huhifadhiwa kama matini ya XML (maandishi yaliyopangwa kwa alama) katika jedwali la CHANNEL la hifadhidata, lakini mimi nisingeanzia hapo. Chaneli iliyo kazini huendelea kutumia maelekezo ya zamani hadi itakapopakiwa upya, na alama moja ya XML ikikosewa, huenda isipakiwe kabisa.

Tumia kwanza amri ya kusoma, SELECT, pamoja na LIKE, inayotafuta sehemu ya matini, ili uzijue chaneli zenye anwani hiyo. Kwa kazi ya kutafuta, SQL haina mpinzani. Ukilazimika kuhariri, zima seva ya Mirth Connect, chukua nakala rudufu ya hifadhidata, anzisha muamala (kundi la mabadiliko yanayoweza kutenguliwa), na usitoe amri ya COMMIT, inayoyathibitisha, kabla ya kuhakikisha kuwa idadi ya mistari iliyobadilika ni ileile uliyoihesabu. Kisha uzihamishie anwani hizo kwenye ramani ya usanidi (orodha ya thamani zinazotumiwa na chaneli zote), ambako zitabadilishwa mahali pamoja tu.