Wali Umepaliwa, Kitabu Kiko Wapi?

*Maswali na Majibu ya Wasomaji*

Barua nyingi za mara hii zinalia kilio kimoja: muda hakuna. Tumechagua nne na nusu, hiyo nusu ikiwa ya mstari mmoja. Tumezifupisha, na majina hatukuyaweka.

Nina riwaya ya kurasa 180. Tangu Januari niko ukurasa wa 41. Naamka saa 11 alfajiri, natoka kazini na kufika nyumbani saa 12 jioni, napika, nasimamia kazi za shule za watoto watatu. Saa 4 usiku nikipanda kitandani na kitabu, nusu ukurasa nyingi, nimelala. Nina miaka 43. Nifanyeje?
*Mama wa watatu, Morogoro*

Mama, kutoka saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni saa 17 uko wima. Kitabu umekipa mabaki ya siku, tena umekipa ukiwa umejilaza. Kitoe kitandani kabisa.

Kabla ya kutafuta muda, pima kwanza unahitaji kiasi gani. Siku moja ukiwa mchangamfu, soma dakika 10 kwa saa ya simu, kisha hesabu kurasa. Tuseme zimetoka 4. Zimebaki kurasa 139, ambazo kwa mwendo huo ni kama dakika 350, yaani hazifiki saa 6. Kwa dakika 15 kila siku, utafunga riwaya yako baada ya siku 24. Watu wengi hukata tamaa kwa sababu hawajawahi kupiga hesabu hii. Kitabu wanakiona kama mlima wakati ni kichuguu.

Hizo dakika 15 unazo, na ziko jikoni. Maji ya wali yakishakauka, ukaugeuza, ukafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, kuna dakika 15 hadi 20 ambazo hakuna anayeugusa. Ukifunua kila mara unatoa mvuke na wali unabaki na kiini, kwa hiyo kukaa mbali nao ni sehemu ya mapishi. Hapo ndipo mahali pa kitabu. Maharage ni mazuri zaidi: yakilowekwa usiku kucha, kwenye jiko la mkaa huchukua saa moja hadi moja na nusu. Ila maharage hukausha maji kimyakimya huku msomaji yuko mbali na dunia, basi tegesha kengele ya simu kila dakika 20, uongeze maji ya moto, urudi. Ugali, chapati na mandazi usijaribu. Hivyo vinataka macho na mikono, na kitabu kitanuka mafuta mpaka mwisho wake.

Sharti ni kwamba kitabu kiishi jikoni. Kitie kwenye mfuko mkavu, ukining'inize kwenye msumari nyuma ya mlango, mbali na mvuke. Ukikiacha chumbani, siku utakayokifuata utakuta nguo hazijakunjwa juu ya kitanda, uanze kuzikunja, na wali utaiva hujafungua ukurasa.

Kinachokula muda kuliko kusoma kwenyewe ni kuanza tena. Mtu anafungua kitabu, hakumbuki alipoishia, anarudi kurasa tatu nyuma, na dakika 10 zimekwisha. Ukiacha, weka nukta ya penseli pembeni mwa aya, maana alama ya ukurasa peke yake haitoshi. Ukirudi, anza aya moja kabla ya nukta. Na kwenye kile kikaratasi unachoalamia, andika majina ya wahusika kadiri wanavyoingia, kila mmoja na maneno mawili matatu: "mjomba wa bi harusi", "yule wa duka". Riwaya ikiachwa siku tatu, wahusika huchanganyika kama wageni wa harusini.

Kuna jambo hukuuliza ila umri wako umelitaja. Je, unasogeza kitabu mbali ili herufi zikae sawa? Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ulaini na kushindwa kuvuta vitu vya karibu. Msomaji hudhani ni usingizi, kumbe ni macho yanayohangaika. Wengi wa umri wako hutosheka na miwani ya kusomea ya +1.00 au +1.50, lakini pimwa, kwani macho mawili hayafanani kila mara na miwani ya kuokoteza sokoni ina namba moja pande zote. Angalia na taa pia: ukikaa chini ya balbu ya dari, kichwa chako ndicho kinachotia kivuli ukurasani. Mwanga utoke nyuma ya bega.

Najifunza kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Cha kwanza cha duara kimegeuka bakuli. Cha pili kimechanua kama sketi. Nafuma mtoto akilala, akiamka naacha. Nimefumua mara tano sasa.
*Mama wa Kisauni, Mombasa*

Bakuli na sketi ni ugonjwa mmoja, na jina lake ni kupotea hesabu. Duara hulala tambarare pale tu idadi ya mishono inapoongezeka sawasawa kila mzunguko. Kwa mshono mrefu, ule unaozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuitia tunduni, hesabu ni hii: mzunguko wa kwanza mishono 12, wa pili 24, wa tatu 36, wa nne 48. Yaani ongezeko ni 12 kila mara. Mzunguko wa pili unatia miwili katika kila tundu. Wa tatu unatia miwili, halafu mmoja. Wa nne miwili, halafu mmoja, na mmoja tena. Ukipunguza, ukingo unabana na kitambaa kinainuka bakuli. Ukizidisha, ukingo hauna pa kukaa, unajikunja sketi. Na ile minyororo 3 unayopandia mwanzo wa mzunguko huhesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Wanaojifunza wengi huisahau, na kila mzunguko wanazidisha mmoja bila kujua.

Sasa mtoto. Usiache katikati ya mzunguko kama unaweza. Kwa sekunde 5 kila mshono, mzunguko wa nne ni dakika 4 tu, na mtoto anaweza kulia dakika 4 bila kudhurika ikiwa unamwona. Lakini mzunguko wa kumi una mishono 120, dakika 10, na hapo ndipo kazi ya mama mwenye mtoto inapokwamia: kitambaa kinakua, nafasi yako inabaki ileile. Kwa hiyo tunakushauri uache duara kubwa kwa sasa. Fuma vipande vidogo vya mizunguko minne, kila kimoja kikiisha katika mkao mmoja, uviweke kwenye mfuko. Vikifika 20 unaviunganisha kwa sindano ya kushonea, na kitambaa cha kochi umekipata bila hata mara moja kuacha kazi njia panda.

Ikibidi uache ghafla, vuta kitanzi kilicho kwenye sindano kirefuke kama kidole, kifungie pini ya nepi. Sindano ikichomoka, kitanzi hakifumuki. Tia uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko, na namba ya mzunguko uiandike papo hapo. Kichwa cha mama wa mtoto mchanga hakifai kutunziwa namba.

Kuhusu vifaa: wanaoanza hupewa uzi mwembamba mweusi na sindano ya milimita 1.5, wakashindwa, wakadhani hawana mkono wa kufuma. Anza na uzi mnene wa rangi nyeupe au ya maziwa na sindano ya milimita 3.5 au 4. Kwa uzi mweusi, usiku tundu halionekani. Bonge la uzi litie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa, uzi upite tunduni: halibiringiki, halili vumbi, na mtoto hana cha kuvuta. Kopo la bati lisitumike, ukingo wa tundu hukata uzi.

Napenda kutunga mashairi lakini kazi yangu ni lori, na nikiwa nyumbani siku mbili watoto hawaniachi. Nikikaa kuandika, nusu saa inapita sijapata hata ubeti. Pia naambiwa mizani yangu inapwaya.
*Dereva, Mbeya*

Kaka, ubeti wa tarbia una mishororo 4, kila mshororo mizani (yaani silabi) 16: nane kwa nane, na kina katikati na mwisho. Usiutafute wote kwa mkao mmoja. Tafuta mshororo mmoja kwa siku, ubeti kwa siku nne. Mshororo mmoja unabebeka kichwani, hauhitaji meza. Mahali pake ni foleni ya mizani ya barabarani (unapima mzigo huku unapima maneno), au unaposubiri kushusha. Gari likiwa linatembea, shughulika na barabara. Likisimama, jirekodi sauti kwenye simu, kwani kuandika kwa kidole gumba huvunja mdundo.

Anza na vina, halafu maneno. Anayeanza na maneno matamu hufika mwisho wa kipande akakuta kina hakipatikani, akachomeka neno lisilo na maana. Tuseme umechagua -ka katikati na -to mwishoni. Ukiwa umepaki, andika orodha mbili: shuka, zika, fika, choka; moto, mto, ndoto, uzito. Kisha (Kitonga ni ule mlima wa barabara ya Iringa):

*Kitonga nimeshashuka, breki zinanuka moto,*
*Ukungu umenizika, siuoni hata mto.*

Hesabu kwa vidole: Ki-to-nga-ni-me-sha-shu-ka, nane. Bre-ki-zi-na-nu-ka-mo-to, nane. Mshororo wa pili ndio wenye mtego. Si-u-o-ni-ha-ta-m-to: ile *m* ya "mto" ni mizani kamili, hutamkwa peke yake. Vivyo hivyo m-tu ni 2 na m-to-to ni 3. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, 2, kwa sababu hapo *m* imeungana na *b*. Huko ndiko mizani ya wengi inakopwaya: wanaimeza *m* ya mtoto, au wanaikata *mb* ya mbuzi. Macho hudanganya; soma kwa sauti, ukipiga kidole kwenye usukani uliosimama.

Na hizo siku mbili za nyumbani, usizipeleke kwenye shairi. Wape watoto kazi ya kukutafutia vina. Mtoto wa darasa la nne akipewa "-to" anakuletea maneno kumi kabla chai haijapoa, manane yakiwa ya kula.

Naishi na wakwe. Nikishika kufuma hakuna anayesema neno. Nikishika kitabu, wifi yangu anauliza kama kazi zimekwisha.
*Msomaji, Tanga*

Kufuma kunaonekana kazi kwa sababu mikono inacheza. Msomaji anaonekana amekaa tu. Hilo hutalishinda kwa maneno na wifi, wala tusingependa ujaribu.

Kitabu kisome kwa sauti. Baada ya chakula cha usiku, dakika 15, watoto wakae mkekani. Fungua kwa "Paukwa!" na nyumba nzima itaitikia "Pakawa!" hata wasiotaka. Wadogo wa miaka mitatu hadi mitano hawavumilii muda mrefu, kwa hiyo waanze wao kwa hadithi fupi, wakubwa wafuate na sura ya kitabu. Acha pale mambo yanapokaza, kabla hayajafumbuka. Kesho yake mama mkwe ndiye atakayeuliza kitabu kiko wapi. Usimsahau: mara moja kwa wiki mwachie kigoda asimulie za kwao, nawe uziandike kwenye daftari.

Hapo umepata na lako. Anayesomea watu lazima apitie sura mapema mchana, kimya, peke yake. Wifi akiuliza, unaandaa hadithi ya watoto, na ni kweli.

Saa yako mwenyewe iombe kwa mumeo, ila iombe kwa jina lake. "Nahitaji muda" haimfungi mtu. "Jumamosi saa 10 hadi 11 jioni, watoto uko nao wewe" inafunga. Naye mpe yake ya mpira.

Kusoma kwenye simu kunafaa?
*Kijana, Kakamega*

Kunafaa, ukizima data kabla ya kufungua kitabu. Ujumbe mmoja wa kundi la ukoo unatosha kuua sura nzima. Tafuta kitabu cha faili la EPUB, ambalo maandishi hujipanga upya unapoyakuza. PDF iliyotengenezwa kwa karatasi ya A4 itakufanya usukume ukurasa kushoto na kulia kila mstari, na ukifika ukurasa wa tatu utakuwa umerudi kutazama video.