Mume wangu bondia mstaafu amebadilika, na sasa anamfundisha mwanetu ngumi

Shangazi, shikamoo. Mume wangu ana miaka 46 na alipigana ngumi za kulipwa kwa muda mrefu kabla ya kustaafu. Siku hizi anasahau, anawaka hasira kwa jambo dogo, na mara nyingine namkuta akilia. Juzi alizikosa pesa za kodi ya nyumba, akanishutumu mbele ya watoto kwamba nimeziiba, kumbe zilikuwa katika mfuko wa shati alilolivaa. Nimesikia kwamba ngumi huharibu ubongo, lakini ndugu zake wanasema ni uchungu wa kukosa umaarufu, kwa kuwa hakuwahi kupigwa akazimia. Isitoshe, anamfundisha ngumi mwanetu wa miaka 14, na nikilalamika hunijibu kuwa mtoto huvaa kofia ya kinga. Nifanye nini?
Mama mwenye hofu

Marahaba, binti yangu. Ulichosikia si uvumi. Tangu mwaka 1928 daktari Mmarekani Harrison Martland alieleza hali ya mabondia waliopepesuka na kuchanganyikiwa kama walevi, na tangu hapo madhara ya namna hiyo yameonekana pia kwa wachezaji wa raga, wa mpira wa miguu na wa futiboli ya Kimarekani. Ubongo ni laini na unaelea katika maji ndani ya fuvu, kwa hiyo kila pigo huutikisa na kuzivuta nyuzi zake nyembamba. Mapigo yakirudiwa kwa miaka, kwa baadhi ya watu protini iitwayo tau hujikusanya pasipostahili na seli za ubongo hufa polepole. Ugonjwa huo, ambao madaktari huuita kwa kifupi CTE, unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha mchezo, na mara nyingi hubadilisha tabia na kumbukumbu.

Hoja ya shemeji zako kwamba hakuwahi kuzimia haina uzito. Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza aliyesifika kwa kupiga mpira kwa kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na uchunguzi rasmi ukahitimisha kuwa kifo chake kilitokana na kazi yake. Miaka kadhaa baadaye ubongo wake ulipochunguzwa upya ulikutwa na CTE. Mapigo madogo yanayorudiwa, ambayo mtu huyasahau jioni ileile, ndiyo yanayotia wasiwasi zaidi, na bondia huyapata mengi mazoezini kuliko ulingoni.

Hata hivyo, usimhukumu mumeo kuwa ana ugonjwa huo. Hadi leo huthibitishwa kwa uhakika pale tu ubongo unapochunguzwa baada ya kifo, na dalili ulizozitaja zinaweza kuletwa na mambo mengine yenye tiba: sonona, kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini, pombe, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, au damu iliyovuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, ambayo mara nyingi huondolewa kwa upasuaji. Kwa maoni yangu, kosa kubwa ambalo familia hufanya ni kukata tamaa kabla ya kipimo cha kwanza. Mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya neva, uingie naye chumbani, na ubebe maandishi ya matukio na tarehe zake, likiwemo hilo la pesa za kodi, kwa sababu anayesahau hawezi kueleza alichosahau. Iwapo daktari atashuku CTE, hakuna dawa ya kuirudisha nyuma, lakini usingizi, huzuni, hasira na maumivu ya kichwa hutibiwa kila kimoja kwa njia yake.

Namna ya kumwambia ndiyo ngumu. Usiseme kwamba ubongo wake umeharibika; nadhani hofu hiyo anayo tayari, na pengine ndiyo inayomliza. Anzia na jambo analolikiri mwenyewe, kama vile kukosa usingizi, na uzungumze mkiwa wawili, si siku ya ugomvi. Akianza kusema kwamba afadhali afe, usisubiri miadi: mfikishe hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Na akikuinulia mkono, ondoka na watoto uende kwa mtu unayemwamini. Maradhi yanaweza kueleza hasira yake, lakini hayakulazimishi kukaa mahali unapopigwa.

Kuhusu mtoto sina maneno laini. Kofia ya kinga huzuia uso kuchanika, lakini haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 mabondia wanaume walipigana bila kofia hizo. Mwanao aache sasa kupigana na wenzake mazoezini. Kama amewahi kupigwa akaumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kutapika, asirudi hadi daktari amruhusu, kwa maana pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kumuua kijana.

Simwondoi baba kwenye ualimu wake. Kuruka kamba, kupiga begi, kupigana na kivuli na kujifunza miguu ni kazi ya miaka, na huenda kumfundisha mwanawe ndiko kunakomfanya aamke asubuhi, kwa hiyo mwombe afundishe hayo tu na kichwa kisiguswe. Akikataa, wewe pia ni mzazi: usitie saini fomu yoyote ya pambano, na umweleze mwalimu wa klabu kwamba mtoto hana ruhusa yako.