Mfiwa asipelekwe kununua kaburi

Ukifiwa Kampala na wewe ni Mganda, mahali pa kuzika panajulikana tangu enzi za babu: ekiggya, makaburi ya ukoo, kule kijijini, nyuma ya migomba. Kinachosumbua ni tenti, chakula na gari. Sisi hatuna ekiggya. Baba alitoka Bukavu kule Congo miaka ya tisini na begi moja, akaishi Katwe hapa Kampala, akafia Katwe. Kabla hatujamaliza kuwapigia ndugu simu, dalali wa viwanja alikuwa amekwisha kumpigia baba mdogo kumpa pole. Namba aliipata wapi, mpaka leo sijui.

Asubuhi akatupeleka kilimani upande wa Wakiso. Kijana mpole, viatu vinang'aa, anaongea kwa sauti ya chini kama yuko kanisani. Akatuonyesha kipande kisichozidi upana wa vitanda viwili, jirani na makaburi kama kumi na matano yenye vigae. Milioni mbili na nusu. Mimi ndiye niliyeshika pesa za mabugo, yaani rambirambi, na mimi ndiye niliyekuwa sijalala. Sikuomba hata apunguze, niliona aibu kumpigania baba bei kama nanunua ndizi. Baba mdogo alituma milioni moja na laki mbili kwa simu, nami nikahesabu milioni moja na laki tatu mkononi. Risiti ilikuwa karatasi ya kitabu cha dukani: "Malipo ya sehemu ya kuzikia", tarehe, na sahihi kama nyoka aliyekanyagwa.

Kesho yake wachimbaji walipofika kama futi tatu, sururu ikalia. Zege. Mmoja akainama, akafagia udongo kwa kiganja, ikatokea kona ya kaburi lisilo na msalaba wala jina. "Hapa kuna mtu," akasema. Akapanda juu, akaomba maji ya kunawa. Nikampigia dalali. Simu imezimwa.

Baba tulimzika siku mbili baadaye, mahali pengine, kwa pesa za kukopa. Haya ninayoandika nimeyajua baada ya hapo, nikikimbizana na haki yangu.

Kwanza, uliza unauziwa nini. Neno "kaburi" linabeba biashara tatu. Kuna anayekuuzia ardhi yenyewe. Kuna anayekupa ruhusa ya kuzika kwenye ardhi inayobaki kuwa yake. Na kuna anayekuuzia ahadi tu, kwa sababu ardhi si yake na wala hajaulizwa mwenyewe. Mimi niliuziwa hiyo ya tatu. Ya pili si mbaya ikiandikwa vizuri, ila ujue mwenye shamba akifa au akiuza, watoto wake hawakufahamu wewe wala marehemu wako. Karatasi iseme ruhusa ni ya muda gani, na inamfunga hata atakayelinunua shamba baadaye.

Ukiambiwa ni ardhi, uliza ni ardhi ya aina gani. Buganda kuna mailo, ardhi ya kumilikiwa daima, iliyogawiwa kwa mkataba wa 1900, na juu ya hiyo hiyo mailo kuna watu wenye vibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwingine. Anayekuuzia anaweza kuwa mwenye kibanja tu. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtaka apate idhini ya mwenye ardhi, na ampe huyo nafasi ya kwanza ya kununua. Basi usikubali "mwenye ardhi tunaelewana naye". Mwone, au uone sahihi yake. Ikiwa familia ya muuzaji inakaa na kula kwenye shamba hilo, mke au mume lazima akubali pia, hilo liko kwenye sheria hiyo hiyo. Kama kuna hati, nenda ofisi ya ardhi ya eneo ukaombe wakuangalizie kwenye daftari jina lililoandikwa ni la nani. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, ni shahidi mzuri, anajua nani mtoto wa nani, lakini muhuri wake si hati ya ardhi. Watu wengi wanachanganya hapo.

Kwa wenzangu tuliotoka Congo, Burundi na kwingineko: asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo. Anachoweza kupata ni kupangishwa ardhi, mwisho miaka 99. Mama yangu hana uraia. Karatasi yake ikisema "amenunua moja kwa moja", ana karatasi na hana ardhi.

Pili, maandishi. Sheria ya Mikataba ya 2010 inasema makubaliano yanayopita shilingi 500,000 yawe ya kuandikwa. Kaburi la kununua kama langu linapita hapo. Andika vipimo kwa futi, majirani wa pande zote nne, na njia. Hasa njia! Nimeona familia inayoomba ruhusa kwa jirani kila ikienda kupalilia, kwa sababu ukuta ulijengwa na hakuna aliyeandika kwamba pale palikuwa na kijia.

Watoa huduma ni habari nyingine. Tuliambiwa jeneza, dawa ya mwili na gari ni bei moja. Mwili ulipofika nyumbani kwa matanga, dereva akadai mafuta ya kurudi, wabebaji nao wakasimama mlangoni wakingoja. Nani atabishana na watu walioshika jeneza la baba yake? Wanalijua hilo. Dai orodha ya kila kitu na bei yake kabla gari halijawaka, iandikwe "hakuna nyongeza", na ubakize sehemu ya malipo mpaka baada ya maziko. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, huzuni yako haimpunguzii wajibu huo. Na jeneza lifungue uone ndani. Letu lilikuwa na kitambaa kizuri juu na ubao mbichi chini.

Pesa zangu nilizidai kwa utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama ya hakimu. Unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na huhitaji wakili. Unaanza kwa kumpelekea mtu barua ya kumdai. Nilidai deni la pesa, sikugusa habari ya ardhi. Dalali akakana kunijua. Lakini ujumbe wa simu ya baba mdogo ulikuwa na jina lake kamili na kiasi, na LC1 akamtambua. Ile milioni moja na laki mbili ikarudi baada ya miezi saba. Milioni moja na laki tatu niliyohesabu mkononi ilikwenda na sahihi ya nyoka. Kwa hiyo siku hizi hata mtu wa viti namlipa kwa simu.

Ndugu Waislamu mnazika siku hiyo hiyo, muda wa kuchunguza haupo kabisa. Ulizeni msikitini kwenu sasa, mkiwa wazima.

Na kwenye familia, anayelia asishike mfuko. Mtume shemeji, jirani, mwenzako wa kazini, mtu anayeweza kusema "ghali" bila sauti kukatika.

Mwaka jana tulikwenda kununua sehemu ya pili kando ya baba, kwa mama, kwa kupangishwa, mbele ya wakili. Mwenye shamba akasoma karatasi, akavua kofia, akanipa pole na kuuliza mama amefariki lini.

"Hajafariki," nikamwambia. "Yuko nje, anapima futi."