Gesi ya AC hailiwi kama petroli

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Crown Athlete ya haibridi ya 2014, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka jana. Nikitoka nayo Dodoma kwenda Dar kipupwe kinaanza vizuri kabisa. Naweka LO, yaani baridi ya mwisho, mke wangu hadi anajifunika khanga. Nikikaribia Gairo upepo unaanza kufa. Feni naisikia inavuma, ila kwenye matundu hakitoki kitu, na watoto nyuma wanalalamika joto. Nikisimama Dumila robo saa, nikiwasha tena inarudi kama mpya. Fundi wa huku ameniongezea gesi mara mbili ndani ya miezi minne na sasa anataka kuongeza ya tatu. Anasema haibridi zinakula gesi sana. Ni kweli? Halafu ile skrini ya AC yote ni Kijapani, nabonyeza kwa kubahatisha. Na redio inakamata stesheni mbili tu. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na hela ya mara ya tatu usiitoe.

Swali hili halipiti wiki sijaulizwa. Kinachobadilika ni gari tu. Leo Crown, juzi Harrier, kabla ya hapo Alphard. Na kila mara kuna fundi mahali fulani ameshasema gari "linakula" gesi. Gari linakula petroli, linakula tairi, linakula breki. Gesi ya AC hailiwi. Inazunguka tu: kompresa inaibana, kondensa pale mbele ya rejeta inaitoa joto, inapenya kwenye valvu nyembamba, inaingia evaporeta ndani ya dashibodi ikiwa baridi, kisha inarudi ilikotoka. Ni mzunguko uliofungwa kama wa friji yako ya jikoni. Hiyo friji umeiongezea gesi mara ngapi tangu uoe?

Kweli, mipira na sili za gari hupitisha kidogo sana miaka inavyokwenda, kwa hiyo gari la miaka kumi na kitu linaweza kuwa limepungukiwa. Lakini mara mbili kwa miezi minne? Ama kuna tundu ambalo fundi hakujisumbua kulitafuta, ama gesi haikuwa imepungua tangu mwanzo na sasa imezidi. Kwa maelezo yako, mimi naegemea hilo la pili.

Maana jibu umelitoa mwenyewe. Feni inavuma, upepo hautoki, gari likipumzika robo saa upepo unarudi. Gesi ikiisha, upepo hutoka kama kawaida ila hauna baridi. Wako baridi unayo, umekosa njia. Evaporeta yako inaganda. Ile kitu ina mapezi membamba ya alumini yaliyobanana kama kurasa za kitabu. Unyevu wa hewa unagandia hapo, barafu inaziba nafasi, feni inabaki kusukuma ukuta. Ukizima, inayeyuka. Siku nyingine ukisimama Dumila inama uchungulie chini ya gari upande wa abiria. Naamini utakuta maji yanamwagika kuliko siku zote. Wapo watakaosema gesi pungufu nayo inaweza kugandisha. Inaweza. Ila wewe umeshaongezewa mara mbili na hali haijabadilika, kwa hiyo tuanze na vitu vya bei rahisi.

Fungua droo ya dashibodi mbele ya abiria, itoe, nyuma yake kuna kisanduku chembamba chenye filta ya hewa ya ndani. Si ile ya injini. Wengi hawajui kama ipo, na gari lililokaa nchini mwaka mmoja na vumbi la Dodoma naijua hali yake kabla sijaiona: nyeusi, ina majani, wakati mwingine ina hata kiota cha panya. Juzi nimetoa moja iliyokuwa bado na stika ya Kijapani ya tarehe ya kubadilishwa, imepitwa miaka sita. Mwenye gari alikuwa ameshaongeza gesi mara tatu. Filta mpya inauzwa chini ya bei ya kujaza gesi, na unaibadilisha mwenyewe bila bisibisi.

Ukibadilisha filta na bado inaganda, kuna sensa ndogo iliyochomekwa kwenye mapezi ya evaporeta. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ipunguze mwendo wa kompresa kabla barafu haijashika. Ikisema uongo, kompresa haijui pa kusimama. Hiyo inapimwa kwa mashine, unasoma nyuzi za joto kwenye skrini. Haipimwi kwa kushika bomba na kusema "hapa gesi ndogo".

Sasa, namna unavyoendesha hiyo AC nayo ina mchango. Nabahatisha, utanisahihisha: mama akianza kujifunika khanga, wewe unapunguza feni na kuiacha LO palepale. Sivyo? Kila mtu hufanya hivyo. Upepo mdogo, baridi ya mwisho, filta chafu, safari ndefu. Umetengeneza jokofu.

LO haipozi haraka kuliko 23. Hili nimelieleza hadi nimechoka. Ukiingia kwenye gari lililokuwa juani, ukaweka AUTO na nyuzi 23, kompyuta inaona ndani kuna joto kali na inafungulia kila kitu hadi mwisho, sawa kabisa na LO. Tofauti inakuja baadaye: AUTO ikikaribia 23 inaanza kupunguza yenyewe, LO haijui kupunguza. Wewe umelipia gari lenye akili ya kupima joto la ndani, la nje na hata jua, halafu unaliendesha kama pikapu ya mwaka 1985 yenye kitasa kimoja. Kwenye dashibodi karibu na kioo cha mbele kuna kibonge kidogo cheusi. Ndiyo sensa ya jua. Kama umekifunika na kile kitambaa cha manyoya, kitoe. Na karibu na usukani kuna kijitundu chenye nyavu kinachonusa hewa ya ndani. Watu huning'iniza manukato hapohapo.

Skrini ya Kijapani isikutishe. Fungua programu ya kutafsiri kwenye simu, elekeza kamera kwenye hiyo skrini, maneno yote utayasoma dakika hiyo hiyo. Vya kujua ni vichache. AUTO iwake. Picha ya gari yenye mshale uliojikunja ndani ni kuzungusha hewa ya ndani: itumie kwenye vumbi na wakati wa kupoza, ila mkiwa watu watano safari ndefu fungulia hewa ya nje mara mojamoja, hewa iliyotumika inaleta usingizi. Mama akisikia baridi, tenganisha pande mbili, yeye 25 wewe 23, khanga irudi begani. Na kama gari liko kwenye Eco, jua kwamba kwenye hali hiyo linabana nguvu ya AC ili kuokoa mafuta. Watoto wakilia joto mchana wa Chalinze, itoe Eco kwanza kabla hujamlaumu mtu.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako si barafu, ni hizo gesi mbili ulizokwisha kuongezewa.

Kompresa ya Crown yako haizungushwi na mkanda wa injini. Ina mota ya umeme ndani yake, inakula umeme wa betri kubwa, zaidi ya volti 200. Fungua boneti uangalie zile nyaya za rangi ya chungwa, moja inaishia pale. Gesi pamoja na mafuta ya kulainisha vinapita katikati ya waya za mota hiyo. Ndiyo maana mafuta yake ni ya aina maalumu, ND-OIL 11, yasiyopitisha umeme. Kompresa za mkanda, zilizo kwenye gari nyingi hapa mjini, zinatumia mafuta ya PAG. Hayo yakiingia kwenye yako, hata kidogo, kinga ya umeme inashuka na umeme unaanza kuvujia kwenye bodi la gari. Kompyuta ikigundua inawasha taa ya onyo na kuandika namba ya hitilafu P0AA6, na gari linaweza kugoma kuwaka tena.

Yanaingiaje? Kwa njia tatu, zote nimeziona. Fundi anaongeza mafuta ya chupa yoyote aliyonayo, maana kwake "mafuta ya AC ni mafuta ya AC". Au anatumia kopo la gesi ambalo tayari limechanganywa mafuta, na hasomi kopo. Au hakuongeza chochote, ila mipira ya geji zake za kupimia presha imetoka kujaza Noah tano asubuhi hiyo na ndani imelowa PAG.

Mteja wangu mmoja alikuja na gari linavutwa kwa kamba, haibridi kama yako, siku tatu baada ya "kuongezewa kidogo" kando ya barabara. Tulibadilisha kompresa na kondensa, tukasafisha mabomba yote. Bili yake ilitosha kununua bodaboda mpya. Aliyemwekea gesi alikuwa amechukua hela ya chakula cha mchana.

Tena, kwenye haibridi huwezi kujaza kwa kutazama geji peke yake. Kompresa inabadili mwendo yenyewe kadiri kompyuta inavyotaka, sindano ya geji inapanda na kushuka, fundi anaona "ndogo" anaongeza, anaona "ndogo" anaongeza. Gesi ikizidi, presha inakuwa kubwa, baridi inapungua, anaongeza tena! Chini ya boneti kuna stika iliyoandikwa aina ya gesi, HFC-134a kwa gari la umri wa lako, na uzito wake kwa gramu. Gramu, siyo "mpaka bomba liloe jasho". Njia ni moja: kuitoa yote kwa mashine, kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote ndani, kuangalia kama vakyumu inashika, kisha kupima kwa mizani na kurudisha kiasi cha stika. Kama kuna kuvuja, mfumo unajazwa naitrojeni na tundu linatafutwa kwa povu la sabuni au kwa kipimo cha elektroniki.

Siku hizi kuna hata makopo ya dawa ya kuziba matundu. Dawa hiyo haijui tundu ni lipi na njia ya gesi ni ipi. Ikikutana na valvu nyembamba inaziba hiyo hiyo. Na kuna wanaojaza gesi ya kupikia kwa sababu inapoza. Inapoza, sikatai. Ila ni gesi inayoshika moto, na evaporeta iko ndani ya dashibodi, sentimita chache kutoka magoti ya mkeo. Gari likigongwa au bomba likipasuka, inatokea humo humo mlimokaa. Mtu anayeweka kitu hicho kwenye gari la familia bila kukuambia si fundi, na sijali ana miaka mingapi kazini.

Kwa hiyo wewe: filta leo, AUTO na 23 kuanzia safari ijayo. Kabla ya safari hiyo tafuta gereji yenye mashine isiyochanganya mafuta ya haibridi na ya magari mengine, waitoe gesi yote na kuipima. Namba ya gramu zilizotoka iandike, uilinganishe na stika. Kabla hujawaachia funguo waulize swali moja: kompresa hii inatumia mafuta gani? Wakijibu bila kusoma stika wala kitabu kwamba yote ni sawa, funga boneti uondoke.

La redio ni dogo. Redio za Japani zinaishia 90 MHz, nyingine 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena kinashusha masafa ili redio yako iyasome. Namba kwenye skrini hazitalingana na za stesheni, utazoea. Hicho hata yule fundi wako wa gesi anaweza kukufungia.